Korija Tano za Mahamri

Nyumba yenye mwanafunzi wa gredi ya tano haina chombo kilicho salama. Mzazi yeyote wa Kenya aliyeuona mtaala wa umilisi ukiingia anajua kwamba mtoto ndiye anayesoma, lakini anayeambiwa saa tatu usiku atafute katoni, kunde za kuotesha na picha ya kupiga kwa simu ni mama mtu. Hayo tumeyazoea. Lililotutikisa sisi wa Mwandoni, Kisauni, ni daftari la msamiati.

Agizo la mwalimu lilikuwa fupi. Kila mtoto awe na daftari lenye kurasa zilizogawiwa kwa masomo: Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, Masomo ya Jamii, Sanaa Bunifu, Dini, Kiingereza, Kiswahili. Kila jioni yaandikwe maneno mapya, na kila neno litumiwe nyumbani kabla mzazi hajatia sahihi. Hapo kwenye "litumiwe nyumbani" ndipo balaa ilipopata mlango. Neno likiandikwa tu halimdhuru mtu. Likianza kutumiwa, ficha vyombo.

Nyumbani tuko watano. Baba watoto hushika zamu za usiku kwenye yadi ya makontena kule Changamwe, na asubuhi wenzake wanapoamka yeye ndiyo kwanza anautafuta mto. Mimi hukaanga mahamri ya kuuza. Mavyaa wangu ndiye mwenye jiko na mwenye neno la mwisho. Kifungua mimba ni huyo wa daftari. Mziwanda ana miaka minne, hajui kusoma, lakini ushahidi wake umetufaa sana.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Hadi gredi ya tatu mambo yalikwenda kwa Kiswahili. Kuanzia ya nne Kiingereza kikashika hatamu, na maneno ya Sayansi yakaanza kuingia nyumbani yakiwa hayajui kumwamkia mtu mzima. Nyanya mtu akiuliza, "Leo mumesoma nini?" mtoto anajibu kwa Kiingereza cha mmea kujipikia chakula, na mavyaa ananitazama mimi. Mkombozi wetu alikuwa binamu wa binti yangu, anayesoma Tanga. Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha Sayansi kwa Kiswahili, na huko Dar es Salaam Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Kwa hiyo kila magharibi simu yangu ikawa inalia: ujumbe wa sauti kutoka Tanga, kijana anasema kwa kujiamini, "Hiyo ni usanisinuru. Na hiyo nyingine ni mmeng'enyo wa chakula." Binti yangu anaandika. Vifurushi vyangu vya intaneti vinakwisha.

Tatizo la pili lilikuwa lugha pia, na hili lilimuuma mavyaa. Kwenye ukurasa wa Kiswahili mtoto aliandika sentensi yake safi kabisa: "Nyanya anapika mtele." Ikarudi na alama nyekundu. Mwalimu kaandika juu yake: mchele.

"Huyo mwalimu wako yuwatoka wapi?" mavyaa akauliza.

"Bara, nyanya."

"Mwambie mtele ndio tuliopikiwa tukakua. Na ndia ni ndia, na kitwa ni kitwa."

Sikuingilia, lakini kesi hiyo ilikwisha kuamuliwa zamani, tena ilisikilizwa mjini kwetu. Juni 1928, wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana hapa Mombasa kuchagua Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule. Hata Profesa Carl Meinhof wa Ujerumani alikuwepo. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kilikuwa na watu wake, wamisionari wa hapa wakiwa mbele. Kikachaguliwa Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake, na karibu miaka mia baadaye wino mwekundu bado unafuatilia hukumu hiyo mpaka kwenye daftari la mtoto wa Mwandoni. Tukakubaliana: mchele wa shule, mtele wa sufuriani.

Sasa nije kwenye kifumbu.

Ilikuwa Jumamosi, wali wa nazi unangojwa. Mavyaa amekaa kwenye mbuzi, amekuna nazi mbili, amemimina maji ya vuguvugu, amepapasa ukutani kwenye msumari wa kifumbu. Msumari upo, kifumbu hakipo. Kile kifumbu cha ukindu aliletewa kutoka Lamu, na mwenye kukisuka keshafariki. Siku hizi watu wanakamulia tui kwenye chujio la plastiki au wanaisaga nazi kwa blenda, na ukitaka kifumbu cha kweli utauliza mitaa mingi. Tukatafuta kabatini, uvunguni, nyuma ya mtungi wa gesi. Ndipo mziwanda akatuongoza uani kwa furaha ya mtu anayejua.

Kifumbu kilikuwa kimening'inia juu ya ndoo, kimejaa udongo mwekundu, majani na maji ya mtaroni. Kifungua mimba wangu kachuchumaa pembeni na daftari magotini.

"Nyanya, hiki ni kichujo," akasema. "Yanayopita ni maji, na haya yaliyobaki ndani ni mashapo. Huo ulikuwa mchanganyiko, sasa nimeutenganisha."

Mavyaa hakupaza sauti. Alikichukua, akakigeuza, mashapo yakaanguka miguuni pake. Akarudi ndani, akakamua tui kwa kipande cha leso kuukuu, wali ukapikwa, ukaliwa kwa kimya cha matanga. Baada ya kula akamwita mjukuu wake.

"Lete hilo daftari. Wewe umejua kukiharibu kifumbu, sasa ujue kilikuwa cha nini."

Akamkalisha mpaka alasiri. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, kila moja kwa umri wake. Kumbi linaloambuliwa, kifuu kinachovunjwa, tui la kasimile linalotangulia, tui jepesi linalofuata, chicha inayobaki. Akapanda mnazini: kuti, kole, karara. Mtoto alipokuwa akiandika akasita, kalamu hewani.

"Nyanya, niyaandike ukurasa gani? Kilimo, Sayansi au Kiswahili?"

"Andika kote. Mnazi haukuuliza."

Mavyaa hakusoma kwa Sheikh Ahmed Nabhany, lakini alikuwa akifanya kazi ya Nabhany bila kujua. Mzee huyo, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927, akaishi Mombasa miaka mingi na kufariki 2017, aliona kwamba majina ya vitu yatakufa pamoja na wenye kuvitumia. Akayaweka kwenye tungo: "Umbuji wa Mnazi" kwa ajili ya mnazi na manufaa yake, "Sambo ya Kiwandeo" kwa ajili ya chombo cha baharini, ubao kwa ubao. Huyo huyo ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga. Yeye alitunga ili watu wakumbuke. Mavyaa hana tungo, ana hasira, nayo ilitosha. Mtoto aliyapata yale maneno kwa siku moja na mpaka leo hajayasahau, kwa sababu kila akiyasoma anauona ule msumari mtupu.

Kutoka Sayansi tukaingia Hisabati. Neno lilikuwa ujazo.

Sisi watu wa Kisauni maji tunayajua kwa sauti ya mkokoteni. Mombasa haina mto wake wa kuinywesha. Maji yake yanatoka nje ya kaunti, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayo binti yangu alikuwa keshayaandika kwenye Masomo ya Jamii, chini ya rasilimali. Mifereji ikinyamaza, na hunyamaza, anakuja kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya lita ishirini, anamimina kwenye pipa, analipwa, anakwenda zake.

Siku hiyo alimkuta mtoto amesimama mlangoni na jagi la lita moja.

"Kaka, usimimine. Mimi nitapima."

Akapima, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Jagi la kumi, la kumi na tano, la kumi na nane, kisha nusu, kisha matone. "Ujazo wake haufiki ishirini," akatangaza, na majirani waliokuwa wakingoja zamu yao wakaitazama mitungi yao kwa jicho jipya.

"Mama," yule kijana akaniambia, "mtoto wako aniita mwizi?"

"Hapana mwanangu, hiyo ni kazi ya ziada."

Akaupindua mtungi atuonyeshe: kitako kimebonyea kwa ndani, pengine kiliwahi kukutana na moto. Alikuwa na haki yake. Mtungi ulitengenezwa wa ishirini, na ubonyevu ule hakuufanya yeye. Lakini heshima ya mtu haipimwi kwa jagi mbele ya wateja, na tangu siku hiyo mkokoteni ukawa unapita mlangoni kwetu bila kusimama, tena kwa kelele zaidi, ili tujue kwamba unapita.

Ikabidi baba watoto, ametoka zamu na macho mekundu, akavute maji kwenye kisima cha jirani. Visima vya huku vingi vina chumvi. Ukifulia, sabuni inageuka utando, povu halipandi. Ujumbe ukaja kutoka Tanga: "Hayo huitwa maji magumu."

"Magumu kweli," baba watoto akasema, akiushika mgongo. "Mwambie nimethibitisha."

Akatia sahihi mwenyewe.

Haya yote yalikuwa dibaji. Jambo lenyewe lilikuja Ijumaa jioni, nilipotoka kwenda dukani kununua hamira na kuiacha simu mezani. Mteja wa Bombolulu akapiga: ana arusi, Jumapili asubuhi anataka mahamri ya chai ya wageni, dazeni tano. Binti yangu akapokea kwa adabu, akaandika kwenye karatasi, akaibandika mlangoni kwa uji wa unga.

Wiki ile ukurasa wa Kiswahili ulikuwa umejaa mafungu: mtungo wa samaki, chane ya ndizi, kicha cha mboga, tita la kuni, doti ya leso, dazeni, korija. Mwalimu alikuwa amemsifu mbele ya darasa kwa "tita la kuni". Mtoto akaona dazeni ni neno la kila mtu, limechakaa, na arusi inastahili neno lililovaa. Karatasi ikasema: "Korija 5 za mahamri. Jumapili saa moja asubuhi. Bombolulu."

Mimi nikaisoma. Korija ninaijua, leso za jumla huchukuliwa kwa korija, ishirini ishirini. Ishirini mara tano ni mia. Nikasema alhamdulillahi, arusi kubwa hii, nikarudi dukani kuongeza unga.

Jumamosi usiku hatukulala. Kilo nne za unga, sukari, iliki iliyotwangwa, tui la nazi lililokamuliwa kwenye kile kipande cha leso, hamira. Ukiukanda vizuri unga unaacha kung'ang'ania vidole. Unaufunika, unaumuka, unaupiga ngumi mara moja kuutoa pumzi, unakata madonge. Yalitoka madonge ishirini na tano. Kila donge husukumwa likawa duara, duara likakatwa msalaba, robo nne, na kila robo ni hamri moja. Mavyaa kakaa kwenye karai, mimi nasukuma, na mtoto, kwa vile hakutaka kulala, nikampa kisu.

Kumpa kisu mtoto aliyetoka kujifunza akisami ni ujasiri. Alianza kwa utii: robo, robo, robo, robo. Kisha nikamsikia anakariri chini kwa chini: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Sisi tuliosoma mfumo wa 8-4-4 tunaijua orodha hiyo. Mfumo ule ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, nasi tukaimba akisami na vikembe vya wanyama mpaka tukaota ndoto navyo. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho 2023, na kati ya niliosoma nao simjui aliyewahi kuikata tusui ya kitu chochote tangu alipoweka kalamu chini.

Huyu akakata. Mavyaa alipoinua mwiko wa matundu, mlikuwa na kitu kidogo cheusi.

"Hiki ni nini?"

"Thumuni, nyanya. Moja juu ya nane."

"Thumuni ni senti hamsini! Siku zangu nikipewa thumuni naenda nayo dukani na kurudi na vitu. Hii ni nini, jino?"

Madonge matano yalikuwa yamekwisha kukatwa vipande vinane vinane. Hamri ya robo ikiingia kwenye mafuta ya moto huvimba tumbo, ndani ikabaki mfuko mtupu. Vile vidogo havikuwa na nafasi ya kuvimba kama zile kubwa. Vilijikunja, vikawa duara, vikakauka upesi, vikatafunika kwa mlio. Nikampokonya kisu. Yeye akajitetea kwa Hisabati: thumuni mbili ni sawa na robo moja, kwa hiyo hakuna kilichopungua.

"Mteja hali hesabu," mavyaa akasema, "yuwala hamri."

Alfajiri tulikuwa na mahamri makubwa themanini na madogo arubaini. Nikayapanga kwenye beseni, yale madogo chini, makubwa juu, nikapanda tuktuk hadi Bombolulu. Mama wa arusi akafunua, akahesabu makubwa sitini, akafunika.

"Na haya mengine?"

"Si ulisema korija tano, dada?"

"Korija?" Akaita wenzake waje wasikie. "Mimi nilisema dazeni tano. Korija ni za leso, mama, na leso za arusi hii zimeshagawiwa."

Alinilipa sitini zangu, shilingi kumi kumi, akanipa na sahani ya biriani ya kupeleka nyumbani kwa jinsi alivyocheka. Nikarudi na makubwa ishirini na madogo arubaini yanayogongana chini ya beseni.

Makubwa yakapata njia. Sita yalifungwa kwenye gazeti yakapelekwa kwa kijana wa mkokoteni, pamoja na mtoto mwenyewe wa kumwomba radhi, naye akayala pale pale akiwa amekaa juu ya mitungi yake. Jioni maji yakasimama mlangoni kwetu. Mengine yakaliwa na mbaazi za nazi, nyumbani na kwa jirani mwenye kisima. Madogo hakuna aliyeyataka. Mavyaa akaniambia niyamwagie kuku.

Ndipo wakapita watoto wa madrasa. Mmoja akauliza yale madogo ni bei gani. Binti yangu, bila kunitazama, akasema, "Thumuni moja shilingi tano." Kabla ya adhuhuri beseni lilikuwa tupu na mkononi mwake mna shilingi mia mbili. Jumapili iliyofuata wakaja tena, wakasimama mlangoni wakamwita mavyaa: "Nyanya, tuuzie thumuni!" Siku hizi kila wikendi madonge matano hukatwa nane nane, na anayeyakata ni yeye mavyaa mwenyewe. Anasema yanatafunika vizuri kwa chai ya rangi. Hasemi yalivyoanza.

Shuleni kila somo lina kipindi chake na kengele yake. Hisabati ikitoka ndipo Sayansi inaingia, hazionani uso. Nyumbani kengele hakuna. Mtungi mmoja wa maji ulikuwa Hisabati, Masomo ya Jamii na Sayansi kwa pamoja, tena ulikuwa na somo la Dini pale tulipokwenda kuomba radhi. Mwalimu alijua alichokuwa akikitafuta aliposema neno litumiwe, ila hakutaja nani atalipia. Sisi tulikariri orodha nzima bila kuvunja hata kikombe, na nyingi tumezisahau. Huyu ameharibu kifumbu, ametukosanisha na mwuza maji, ametukeshesha usiku kucha kwa mahamri yasiyo na mwenyewe, na hana neno hata moja lililomponyoka.

Wiki iliyofuata ukurasa wa Kiswahili ulikuwa wa malipo. Jumapili usiku tukakaa mkekani kugawa pesa ya mauzo, naye akafungua daftari. Akadai ujira wa kukata madonge. Mavyaa akadai fidia ya kifumbu. Mtoto akasema sawa, fidia atatoa, lakini kwanza apewe arubuni ya thumuni za wiki ijayo. Baba watoto, aliyekuwa amelala chali na taulo la moto mgongoni, akasema kama ni hivyo yeye anataka kiinua mgongo, na asiambiwe kwamba ni mpaka astaafu. Mimi nikawakumbusha karo. Hesabu ikapigwa mara mbili, na mara zote mbili mtoto akatoka anadaiwa na nyanya yake. Tukakubaliana alipe kidogo kidogo, kwa kumkunia nazi.

Nikatia sahihi. Kisha nikafunua ukurasa wa pili nione kinachokuja. Sayansi imefika kwenye umeme. Baba watoto ameondoka kwenda zamu na bisibisi mfukoni.